Leso ya Pili ya Zakiya

Mheshimiwa Mwakilishi wa wadi yetu, Mkurugenzi wa shirika Bwana Abdurahman, Chifu wetu, Ustadhi na Pasta mlioketi chini ya turubai moja, wazee wa Sabaki, kina mama wa kikundi ambao tangu alfajiri hamjaona kiti, ndugu wageni waalikwa, na wewe Zakiya mwanetu tunayekuaga leo: shikamooni mnaostahili shikamoo, salaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa Wagiryama wenzangu, mulamukadze.

Anayesimama mbele yenu ni Kitsao, kaka yake Dorcas, mjomba wa Kadzo, na ukichunguza sana, mjomba wa nusu ya watu walioko hapa. Shule niliishia darasa la sita, wala si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu alifika mahali akaanza kuniuliza mimi, nikaona nikiendelea nitamwaibisha.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Nitajitahidi, na safari hii si kwa adabu, ni kwa kuchoka. Mtu huchoka kwa jembe, akalala, akaamka mzima. Lakini uchovu wa kusimulia mafuriko yaleyale kwa kila gari jeupe linaloegeshwa pale kwenye mkorosho, huo haulaliwi ukaisha. Waja na kofia, wakunja suruali, wauliza: ulipoteza nini, ulilia lini, nyumba ilikuwa wapi? Wewe waonyesha ilipokuwa. Gari laondoka. Laja jingine, nawe waonyesha palepale.

Na mwajua kwa kusimulia sina mpinzani kutoka hapa hadi Ngomeni. Mwaka ule mto ulipopanda ukaingia mashambani, mimi nilivuka na mbuzi wawili, mmoja kila kwapa, na katikati ya maji nikakutana na kiboko. Tukatazamana. Akaona huyu ana shughuli kuliko mimi, akanipisha. Wapo wasemao mbuzi alikuwa mmoja. Mzee Mwambire, yule pale anayetikisa kichwa, husema hata huyo mmoja alivuka mwenyewe, akanivuta mimi. Mwambire siku hiyo alikuwa amepanda juu ya paa na amefumba macho. Aliona nini?

Habari hiyo nilimpa Zakiya alipokuja mara ya kwanza kuliandikia shirika habari zetu. Alikuja mikono mitupu, bila kamera, akaketi kwenye mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Mjomba Kitsao, huyu kiboko ana shahidi?”

Nikamwambia, “Shahidi ni kiboko mwenyewe. Nenda kamuulize.”

Alicheka mpaka akashika ubavu, na hakuandika hata neno la kiboko. Aliandika kwamba Kitsao alivusha mbuzi, basi. Mtu mzima mimi, kuvusha mbuzi. Nilinuna, kila akipita nikawa najifanya nasuka kamba.

Lakini jambo hili nimelipima baadaye. Mimi nikitia chumvi, najikuza mimi. Na anayenisikiliza ananijua, aondoa cha kuondoa, abaki na mbuzi wake mmoja, twalala salama. Kuna watu wengine wa chumvi, waliokuja kabla ya Zakiya, ambao chumvi yao humpunguza mtu. Na hawampunguzi mbele ya wanaomjua. Wampunguza mbele ya dunia, mahali ambapo hapana Mwambire wa kutikisa kichwa.

Bango lililo nyuma yangu mwaliona. Kalume dereva aliambiwa alete bango la shirika, akaleta bango la shirika, asilaumiwe. Limesimama kila mahali kisima kilipofunguliwa na kila unga ulipogawiwa. Mtoto yule mwenye gauni lililoraruka, machozi mashavuni, kovu juu ya jicho, hapana asiyemjua hapa. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza jina ambalo si lake, kwamba ni yatima, kwamba hajala, na kwamba mchango wako ndio utakaomwokoa.

Yatima wa nani, wazee wangu? Siku Zakiya alipomfasiria dada yangu Dorcas maneno yale, Dorcas aliuliza jambo moja tu: “Kwani mimi nilizikwa lini, na wali wa matanga yangu uliliwa na nani?”

Mtoto yule ni Kadzo. Maji yalipoingia, kila mtu alibeba alichoona ni mali. Mmoja alibeba redio, mwingine godoro, mimi mbuzi, idadi tuiache. Kadzo, mtoto wa darasa la tatu, alikunja sare yake ya shule, akaitia ndani ya sufuria, akajitwika, akapita kwenye maji yaliyomfika kifuani, na sare ile haikulowa. Hapo siongezi chumvi. Hapahitaji.

Wageni walipofika kule shuleni tulikohifadhiwa, mama yake akamwambia, “Kuna wageni.” Naye akafanya kama tulivyomlea: mgeni akija, wavaa. Akavaa sare yake. Mpiga picha, mtu aliyekwisha kuondoka nchini zamani, akamtazama, akasema na mkalimani wake, na mkalimani akasema, mtoto avae lile gauni la jana. Dorcas naye akaambiwa asogee, aingiza kivuli. Kadzo akavua sare, akavaa gauni bovu lililolowa, mbele ya watoto wenzake. Hapo ndipo alipolia. Machozi ambayo dunia imeyachangia miaka yote hii yalikuwa machozi ya sare.

Kama mwauliza mimi nilikuwa wapi, nilikuwa kwenye foleni ya maturubai, tena wa mbele kabisa.

Sisemi njaa haikuwapo. Ilikuwapo, na ilituketisha chini. Sisemi msaada haukuja. Ulikuja, unga tuliusonga, na visima twavichota hadi leo; anayekula akasahau aliyempa si mtu. Ninalouliza ni hili: je, ili mtu apewe unga, ni lazima kwanza avuliwe nguo?

Sisi wa mwambao huu twatofautiana mengi. Huyu aenda msikitini, huyu kanisani, huyu ana ya wazee wake na hasemi. Lakini hili twalijua sote bila kufundishwa. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wanawake wenzake hufungua leso zao wakafanya ukuta. Maiti akioshwa, hushikiwa leso. Mtu akifika pabaya kuliko pote, hapo ndipo twamsitiri. Kwa wageni wetu wale, hapo ndipo pazuri pa kupiga picha.

Zakiya ni mwana wa Malindi, amelelewa na mama wa kusitiri, ndiyo maana alifanya kazi yake kwa namna nyingine. Kila alichokiandika alirudi nacho, akaketi, akatusomea kwa Kiswahili, akauliza, “Kipi nitoe?” Mara ya kwanza tulidhani ni mtego. Mwambire alisomewa kwamba yeye ni mwathirika wa mafuriko, akasema, “Mwanangu, maji yalinikuta siku chache, ndizi nimezipanda maisha yangu yote. Andika mkulima wa ndizi.” Akaandika. Akampiga picha kama alivyotaka mwenyewe, ndani ya shamba, na koti la harusi ya mwanawe, saa saba ya mchana, jasho likimtiririka kama mtu anayedaiwa. Picha mbaya, Mwambire, mimi rafiki yako nakwambia. Lakini ni wewe.

Sasa, Mkurugenzi, twaambiwa mkataba wa Zakiya umekwisha. Na kwa kuwa Sabaki hata upepo una masikio, twasikia pia kwamba Mwambire na koti lake hawavuti wachangiaji kama mtoto anayelia. Zakiya ameomba mara nyingi picha hii iondolewe. Amejibiwa kwamba iko mikononi mwa makao makuu, na makao makuu wasema bado inafanya kazi nzuri. Basi nikwambieni kazi iliyoifanya mwezi uliopita.

Kadzo amemaliza chuo, akapata kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli moja kule Watamu. Asubuhi moja bibi mmoja Mzungu, mtu mwema, sina neno naye, alilitazama lile kovu, akatoa simu, akaitazama simu, akamtazama tena. Akasimama akamkumbatia, akalia. Kisha akavuta kiti, akamkalisha Kadzo pale na sare yake ya kazi, akamsukumia sahani yake mwenyewe ya mayai. “Kula, mwanangu. Kula.” Wenzake wote wakitazama. Kadzo akamweleza kwamba ameshakula, kwamba ana mama, na mama mzima. Bibi akamgeukia mumewe akasema, maskini, amezoea kuficha.

Tangu siku hiyo akipita jikoni wamwita Yatima. “Yatima, umekula?” Amevumilia, amevumilia, akarudi nyumbani. Msimamizi wake, Bi Janet, amemshikia nafasi mpaka Jumatatu. Baada ya hapo hawezi tena, naye ana wakubwa wake. Nikamwambia Kadzo arudi, kazi ni kazi. Akanijibu, “Mjomba, nitasimamaje mbele ya wageni, na yule mwingine wa kwenye picha bado amesimama mlangoni analia?”

Mimi niliyemtazama kiboko machoni, nikachukua kamba yangu nikaanza kusuka.

Zakiya, mwanangu, inuka uje hapa mbele. Kina mama, mvisheni. Mgeni wa heshima kwetu huagwa kwa jozi nzima ya leso, na wewe leo unavishwa kipande kimoja. Usidhani tumepungukiwa. Jozi ipo, aliyeshika kipande cha pili ni Dorcas, na hicho kina kazi hapa nyuma yangu.

Mkurugenzi, keti, tafadhali, hatuvunji kitu cha mtu. Leso hii itafunika bango hili, nawe utalirudisha ofisini likiwa na leso yake juu. Najua picha iko ndani ya simu, na kwenye kuta za nchi ambazo mimi, pamoja na safari zangu zote, sijazifikia. Leso yetu haifiki huko. Huko ndiko twakutuma wewe. Siku picha hiyo itakapoondolewa kote, mtafute Zakiya popote atakapokuwa, umpe kipande chake. Leso ya jozi haivaliwi moja. Mpaka siku hiyo yeye atakuwa na nusu, nawe utakuwa na nusu, na kila atakayeingia ofisini kwako atauliza ni nani aliyesitiriwa pale. Utamjibu upendavyo. Sisi tungependa umwambie jina lake la kweli.

Naona Dorcas ameinuka. Na Kadzo ameinuka pamoja naye, mimi nilidhani hata kuja hatakuja. Tazameni alivyovaa. Sare ya hoteli, imepigwa pasi, na jina lake kifuani. Hapana aliyemwambia avae. Ameambiwa kuna wageni, amevaa. Na leo hapa hapana mtu wa kumwambia akavae la jana.

Nimesema ya kutosha kwa mtu aliyechoka, nanyi mmevumilia kuliko nilivyostahili. Kwa masikio yenu, ahsanteni sana. Kiboko alinipisha mimi. Ninyi mpisheni Kadzo.