Wilfred Helliwell na Mgomo wa Basi Namba 17

Mchungaji, ndugu, majirani, na nyinyi mabwana wa Chama cha Wapenzi wa Mabasi mliosimama kule nyuma na kamera zenu: ahsanteni kwa kuupanda mlima wa Scarrow katika upepo huu. Mimi ni Doreen Crabtree, dada yake mdogo marehemu, niliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na mitatu ya mwisho. Niliombwa niandike ukurasa mmoja. Niliuandika, ukachapwa, mnao mkononi. Kisha Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtafutia viatu vya kuzikwa navyo, nikakuta jambo, na kwa hiyo nitakayoyasoma yanazidi kidogo yaliyochapwa.

Wilfred Helliwell alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Scarrow, nyumba ya tatu kutoka kanisani, mtoto wa kwanza wa Arnold na Edith Helliwell. Baba yetu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha mazulia kule chini Ormley. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni mgomo. Watu wakikubaliana kutoingia, hawaingii. Mwaka aliozaliwa Wilfred, mjomba wetu wa damu alivunja mgomo akaingia kazini kwa mlango wa nyuma, na baba hakumsalimia tena mpaka siku ya kifo chake. Mezani petu hata jina lake halikutajwa. Sisi wawili tulinyonya hayo pamoja na maziwa.

Alisoma shule ya msingi ya hapa Scarrow, kisha ile ya Ormley, akamaliza mwaka 1951 akiwa na miaka kumi na mitano. Hakuwa hodari darasani ila kwa hesabu na mwandiko. Kwenda shule alipanda basi namba 17, na huko ndiko ugonjwa wake ulikoanzia. Akiwa na miaka kumi na mmoja alinunua daftari dogo jeusi akaanza kuandika namba ya ubavuni ya kila basi alilolipanda: namba, tarehe, kiti, na jinsi gia ya pili ilivyolia mlimani. Namba aliyokwisha kuipanda aliipigia mstari wa wino mwekundu. Wasiojua mambo haya hucheka. Mabwana wa kule nyuma hawacheki, maana kila mmoja analo la kwake mfukoni sasa hivi.

Aliingia kiwandani Agosti 1951 kama baba, akawa fundi wa mitambo ya kufumia, akastaafu mwaka 1991 bila kuchelewa hata siku moja. Huko alikutana na Norman Thackray, aliyefanya kazi mtambo wa jirani na aliyekuwa na daftari kama lake. Kwa miaka arobaini walikula mkate wa nyama pamoja na kwenda pamoja kila mji wenye gereji ya mabasi, wake zao wakiwasubiri kwenye mikahawa. Norman alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Tarehe 6 Juni 1959 alimwoa Enid Lumb katika kanisa hili hili. Alichelewa dakika ishirini na mbili. Mchungaji wa wakati ule alidhani bwana harusi ametoroka. Ukweli ni kwamba alikuwa stendi ya Ormley, likaja basi akaliacha lipite, kwa sababu alitaka kwenda kuoa kwa namba ambayo hajawahi kuipanda. Enid alimwuliza mbele ya madhabahu, “Umeipata lakini?” Alipojibu kwamba ameipata, Enid akasema, “Haya, basi tuendelee.” Waliishi kwa furaha, wakajaliwa binti mmoja, Gillian. Enid alifariki Februari 1997. Mwaka uliofuata nami nikafiwa na mume wangu, tukaamua, mimi na kaka yangu, kuweka birika moja jikoni badala ya mawili.

Sasa nafika mahali ambapo ukurasa uliochapwa unasema tu kwamba marehemu “alipenda usafiri wa umma”.

Njia ya 17 ilikuwa na mabasi kumi na manne ya ghorofa, namba 410 hadi 423, yaliyoundwa kiwanda cha Leyland mwaka 1981. Yalikuwa na ngazi ndefu mlangoni na viti vilivyochoma mapaja wakati wa kiangazi, na Wilfred aliyapenda kama watu wapendavyo mbwa mzee. Mwaka 2002 kampuni ilitangaza kuyaondoa. Bwana mmoja wa kampuni, jina lake tuliache, alimwahidi Wilfred kwa barua yenye sahihi kwamba safari ya mwisho ingekuwa Jumamosi, tarehe 26 Oktoba, saa kumi na moja na dakika hamsini jioni, kutoka stendi ya Ormley, kwa basi 417. Chama kikajiandaa. Wanaume arobaini walisimama kwenye mvua na kamera zao. Wilfred alivaa tai ya harusi yake. Mimi nilikuwepo, nimebeba chai.

Saa ilipofika likaja basi jipya la ghorofa, jeupe, likinuka rangi. Dereva alituambia kwamba 417 lilikwisha kuondoka saa tisa na dakika hamsini bila abiria, na kwa saa hiyo lilikuwa njiani kuelekea kwa wauza vyuma chakavu. Kampuni iliona kwamba umati ungechelewesha ratiba.

Sijapata kumwona kaka yangu na uso ule, hata siku ya kumzika Enid. Alikunja ile barua mara nne akaitia mfukoni. Norman, aliyekuwa amelowa na ambaye mkewe alikuwa mgonjwa nyumbani, aliweka mguu mlangoni, akamgeukia.

“Wilf, basi ni basi, mzee mwenzangu. Panda, unalowa.”

“Ukipanda hilo, Norman, mimi na wewe hatujuani.”

Norman alidhani ni utani, akapanda. Wilfred akageuka akaanza kutembea kwenda nyumbani, maili tatu na nusu, na mlima mwishoni. Nilitembea naye. Hakuniomba. Tulipofika mlangoni maji yakitiririka masikioni alisema, “Nyumba yetu haipandi, Doreen.” Nikamjibu, “Haipandi.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yote, na katika familia yetu hayakuhitaji mengine.

Miaka tisa sikupanda 17. Mnajua wenyewe, mlikuwa mkinipita. Nilipanda basi la bondeni mpaka chini ya mlima, halafu nikaumaliza kwa miguu na vikapu vyangu, hatua elfu moja mia moja na arobaini, nimezihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mwaka 2006 goti la kulia lilianza kukataa, na mwaka 2008 nikapasuliwa. Daktari aliuliza kama hakuna basi linalofika mlangoni kwangu. Nikamwambia lipo. Akaandika jambo kwenye faili langu, akalipigia mstari. Norman naye nilikutana naye sokoni mara kwa mara, na kwa ajili ya kaka yangu nilimpita kama niipitavyo nguzo ya taa, mtu aliyebeba jeneza la mume wangu.

Wilfred alianza kuugua mapafu majira ya baridi ya mwaka jana. Vumbi la kiwandani, walisema. Oktoba alilazwa hospitali ya Ormley, na huko alifariki Jumanne tarehe 8 Novemba 2011, saa nne asubuhi, bila maumivu, mimi na Gillian tukiwa pembeni. Wiki moja kabla, nikivaa koti nirudi nyumbani, alinishika mkono.

“Doreen, leo panda 17.”

Nikadhani ni homa. Nikamwambia kwa fahari, Mungu anisamehe, “Nyumba yetu haipandi, Wilf.” Akageukia ukutani. Nami nikarudi kwa miguu jioni ile, nikijisifu njia nzima kwamba baba angeona fahari juu yetu.

Sasa nirudi kwenye viatu. Ndani ya sanduku la viatu vyake vyeusi hamkuwa na viatu. Mlikuwa na madaftari manane meusi ambayo sikupata kuyaona. La kwanza linaanza Jumatano tarehe 30 Oktoba 2002. Siku nne, ndugu zangu. Nguo zangu za mvua ile zilikuwa bado zinakauka kwenye kamba jikoni.

Kila Jumatano, nikiwa ukumbini hapa kushona na akina mama wa kanisa, kaka yangu alikatiza shamba la nyuma mpaka kituo cha pili, asionekane na jirani, akapanda basi jipya kwenda na kurudi. Namba, tarehe, kiti cha juu, mbele, kushoto, na mstari mwekundu. Nikirudi nilimkuta ameketi, birika linachemka, mashavu mekundu, nami nikidhani ni upepo wa bustanini. Madereva walijua. Mmoja wao yuko hapa, anatazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ya Wilfred ilikuwa maili tatu na nusu, na aliipita miaka tisa.

Hayo ningeyameza. Mtu ana maradhi yake. Kilichonikaa kooni ni alichoandika siku ile ya kwanza. Nanukuu: “Gia laini. Halilii mlimani, hasara kubwa. Likifika kituoni linainama upande wa mlango, mzee anaingia bila kuinua mguu. Doreen angelipenda sana.”

Alijua siku ya nne. Akaliandika kwa mwandiko mzuri, akalifunga daftari, akaniacha nitembee. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hizo nilikuwa nazifua na kuzipiga pasi. Baba yetu asingemwita kaka yangu mlaghai. Angemwita mvunja mgomo aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na asingetaja jina lake mezani tena.

Jumatatu niliteremka mpaka kwa Norman, nikagonga mlango baada ya miaka tisa. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi njiani, lakini nilipomwona kwa karibu jinsi alivyozeeka nikayaacha. Nikampa daftari tu. Alisoma akiwa amesimama hapo hapo mlangoni, miwani imeshuka puani. Alifungua ukurasa, akaurudia, midomo ikihesabu. Nikadhani analia kwa ajili ya urafiki wao.

“Anazo zote kumi na nne,” alisema.

“Zote nini?”

“Mabasi mapya. Mimi ninazo kumi na mbili. Yale mawili yalihamishwa mji mwingine baada ya wiki sita, nikayakosa kwa sababu mke wangu alikuwa mgonjwa. Huyu mtu kanikataa mbele ya watu arobaini, kisha akaniwahi mawili.” Ndipo akaketi kwenye ngazi, akalia kweli. “Angeniambia tu, Doreen. Tungepanda wote.”

Nilikaa naye pale kwenye ngazi mpaka tukaanza kuona baridi. Ndilo hilo hilo ninalolisema mimi. Angetuambia tu. Aliogopa nini? Kwamba tungemcheka? Tungemcheka, ndiyo, siku mbili tatu, kisha tungekula. Badala yake alichagua kukaa peke yake juu, mbele, kushoto, kila Jumatano, na kila mmoja wetu akakosa alichokuwa nacho.

Kama wengi mlivyoona, marehemu aliletwa kanisani leo na basi 417. Halikufika kwa wauza vyuma. Norman na wenzake walilikuta kwenye ua wa gereji moja mwaka 2004, wakalinunua, wakalitengeneza, na Wilfred hakukubali kwenda hata kulitazama, kwa kuwa mkono uliolishika ni wa Norman. Katika wosia wake ameomba alipande kwa mara ya mwisho, na Norman ndiye pekee mwenye leseni ya kuliendesha. Nilimwambia Norman anaweza kukataa, na hakuna atakayemlaumu. Alijibu, “Nitamleta. Lakini gia ya pili nitaipiga kelele makusudi, asikie alichokikosa.” Mliisikia wote.

Wengine mmeshangaa kwamba dada wa marehemu hakuwa ndani ya 417. Ngazi yake ni ndefu, na mimi goti langu ni la chuma. Nilikuja nyuma yenu kwa basi namba 17, saa sita na dakika kumi, kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Lilifika, likashusha pumzi, likainama. Nilisimama pale barabarani nikashindwa kuingia kwa muda, dereva akaniuliza kama niko salama. Alichoandika kaka yangu ni kweli. Nimelipenda sana.

Marehemu ameacha binti yake Gillian na mumewe, wajukuu wawili, mimi dada yake, na Norman Thackray, ambaye jina lake halikutajwa nyumbani kwetu miaka tisa na ambaye leo nalitaja mara mbili: Norman Thackray. Ameacha madaftari sitini na tatu. Hamsini na tano ya mwanzo yanakwenda kwa Chama. Manane ya sanduku la viatu nampa Norman, na zile namba mbili anaruhusiwa kuzipigia mstari kama zake.

Chai na mkate wa nyama vipo ukumbini. Jina la Wilfred litatajwa mezani kwangu, nimeamua hivyo, ingawa si leo. Basi la kushuka linapita hapa mlangoni saa tisa kasoro dakika kumi, na sitalikosa. Kile kiti cha juu mkiache wazi. Mimi nitakaa chini, karibu na mlango.

Apumzike kwa amani, kaka yangu. Mimi leo napumzisha magoti.