Mwalimu Vipimo na Kifaa Namba Saba

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Vipimo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Utepe wa kupimia wa baba yake ndio uliokuwa mdoli wake. Aliwapima hadi wageni viuno, na shangazi mmoja alisusa kuja nyumbani mwaka mzima.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1984, sekondari mwaka 1988, na mwaka 1993 akapata stashahada ya ualimu. Alianza kufundisha hisabati Januari 1994 na hakuacha tena. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili. Baba alitutoka mwaka 2015. Mama akaibeba nyumba peke yake, bila manung'uniko ila kwa kelele nyingi.

Mwaka 2017 shule yake ilipokea vifaa ishirini vya kupimia joto, mwanga na sauti, kila kimoja cha kuenea kiganjani. Vikafungiwa kabatini visije vikavunjwa. Mama alimganda mwalimu mkuu mpaka akapewa ufunguo. Hivyo ndivyo alivyoanza kufundisha sayansi ya data: wanafunzi walipima darasa lao wenyewe, wakachora grafu ukutani, wakabishana juu ya namba. Siku moja binti wa dawati la nyuma alileta nyuzi 38 wakati wenzake wote wana 30.

"Umekianika juani wewe. Futa hiyo," Mama akamwambia.

Adhuhuri alikwenda kukaa kwenye dawati lile, chini ya bati lisilo na dari, akatoka jasho chapachapa. Kesho yake alimwomba radhi yule binti mbele ya darasa zima. Tangu hapo sheria yake ikawa moja: hakuna kufuta namba, hata ikikuudhi. Dari iliwekwa mwaka uliofuata.

Mama alianza kuugua Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, wanafunzi wake wakijiandaa kwa maonyesho ya sayansi ya tarehe 20. Mimi mzaliwa wake wa kwanza, ninayewasomea haya, nafanya kazi mbali. Kila jioni nilimpigia simu.

"Homa vipi leo, Mama?"

"Thelathini na saba tu, mwanangu. Usijitie presha bure."

Nilimwamini, maana mama yangu hakuwa mtu wa kuchezea namba. Siku moja baada ya maonyesho alianguka, akapelekwa hospitali. Maambukizi yalikuwa yameshaenea kwenye damu. Alifariki Ijumaa, tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi.

Tulipokusanya vitu vyake tulikuta kifaa namba saba kwenye mkoba wake. Alikuwa akijipima nacho, na chenyewe huhifadhi kila kipimo pamoja na tarehe. Hapakuwa na 37 hata moja. Kulikuwa na 38.6, 39.1, 39.4, siku kumi na nane mfululizo. Nililia, kisha nikamkasirikia, na hasira hiyo ninayo hadi sasa nikiwa nimesimama mbele ya jeneza lake. Yeye aliwataka wanafunzi wake wafike kwenye maonyesho. Mimi nilimtaka yeye.

Mtunza maabara wa shule yake alinionea huruma. "Dada, vifute tu kabla hujakirudisha. Watoto wakiviona wataumia."

Nilishaweka kidole kwenye kitufe. Hakuna namba iliyowahi kuniudhi kama zile. Ndipo nikamkumbuka yule binti wa dawati la nyuma, nikakiondoa kidole. Jumatatu kifaa kitarudi darasani na kila kitu ndani yake. Wanafunzi wakiuliza, waambiwe ukweli, na waambiwe kwamba mwenye homa aseme mapema.

Mama ameacha mama yake mzazi, ndugu wanne, mabinti wawili, wajukuu watatu, na wanafunzi ambao hata yeye hakuwahi kuwahesabu.

Mama, pumzika kwa amani. Sikufuta.