Ndoo Iliyopita Dirishani

"Kuhusu: Upandishaji na ushushaji wa vitu kwa njia isiyo ya kawaida kwenye roshani ya nyumba namba 1104, ghorofa ya tatu." Ndivyo ilivyoandikwa juu ya ile barua ya mwaka 2009, wanangu, na kabla sijagawa hata kijiko nataka tuanze nayo, kwa sababu ndiyo iliyomkalisha Domina leo upande wa dirisha na Vénant upande wa mlango, na mimi baba yenu nikalala katikati kama mpaka wa nchi mbili zisizo na ubalozi.

Tegeni masikio, na mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu.

Mnajua kwamba kule kwetu Gitega nilikuwa mwalimu wa ufundi kwa miaka ishirini na miwili. Tulipofika huku ugenini nilipeleka vyeti vyangu ofisini vikapimwe, wakavipima miezi kumi na mmoja, kisha wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba nina elimu "ya kiwango kisichoweza kubainishwa". Nikaenda kusafisha shule. Sikunung'unika, darasa ni darasa hata ukiliingia na ndoo. Lakini mama yenu Libérate, Mungu amlaze pema, alinikuta siku moja nimesimama mbele ya kabati la jikoni nikilieleza habari ya bawaba zake, akasema, "Mzee, wajukuu unao. Au unasubiri nao waletwe kwa barua?"

Ndipo zikaanza Jumamosi zetu, hapa hapa Upplands Väsby, kwenye meza ya jikoni. Natacha wako, Vénant, alikuwa na miaka sita, na Ariane wako, Domina, alikuwa na saba na meno mawili pungufu. Sikuanza na maneno. Niliweka ubao wa kukatia mboga juu ya mpini wa mwiko, nikapakia mfuko wa unga upande mmoja, nikawaambia wauinue kwa kidole kimoja. Wakausogeza ule mpini huku na huku, wakabishana, wakamwaga unga, mpaka wakagundua wenyewe kwamba egemeo likiukaribia mzigo, mzigo hunyenyekea. Siku nyingine tulikata karatasi pembe tatu tukaiviringisha kwenye penseli, Ariane akautazama mstari wake unavyopanda ukizunguka, akasema, "Babu, kumbe parafujo ni mlima uliokunjwa!" Nimesoma vitabu vingi katika lugha nne, na hakuna kilicholisema jambo hilo vizuri namna hiyo.

Na ninyi mnakumbuka mifagio? Natacha aliwapa kila mmoja mpini wake mvutane, akapitisha kamba kutoka huu hadi ule mara nne, kisha akavuta ncha kwa mkono mmoja. Na ninyi, watu wazima wenye kazi zenu na leseni za kuendesha gari, mkaburutwa mkagongana vifua. Mlicheka hadi mama yenu akatoka chumbani kuuliza nani amekuja.

Kisha ikaja zamu ya kapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Nilining'iniza kapi moja kwenye ndoano ya roshani na nyingine nikaifunga kwenye ndoo, na watoto wakaivuta imejaa viazi kutoka uani hadi huku juu, ikipita polepole mbele ya dirisha la Bi Gunvor wa ghorofa ya pili. Natacha alikuwa akipiga kelele kwa Kiswidi chake, "Farfar, den väger ingenting!", yaani babu, haina uzito kabisa. Vénant, uliniinamia sikioni: "Baba, hapa si Gitega. Watu wanatazama." Sikukulaumu. Ulikuwa unasubiri uraia, na anayesubiri karatasi huogopa hata kivuli cha ndoo.

Wiki tatu baadaye barua ya kampuni yenye nyumba hizi ikafika. Kuna aliyelalamika, walisema, na jina lake hawakulitaja. Domina, ulimgeukia ndugu yako papa hapa: "Umemshtaki baba yako kwa sababu ya viazi?" Naye akajibu, "Kama ndivyo unavyonijua, basi hunijui," akamshika Natacha mkono, akaondoka. Tangu siku hiyo mmoja wenu huja Jumamosi na mwingine Jumapili, kama wapangaji waliojiandikisha zamu za chumba cha kufulia. Natacha hajagusa kamba miaka miwili. Na wewe Domina, ili usikose mshukiwa wa pili, Bi Gunvor naye ukaacha kumsalimia ngazini.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha wangu mpaka mlango wa kaburi. Yale malalamiko niliyaandika mimi.

Kaa chini, Vénant. Nimesema msinikatize.

Niliyaandika kwa mkono wangu, kwa Kiswidi cha masomo ya jioni, bila jina, nikayatia kwenye sanduku la posta pale stesheni. Nilikuwa nimewasoma watu wa ofisi miaka mingi, nikajua kwamba kwao jambo halipo mpaka lilalamikiwe. Barua yao iko chini ya mto huu. Soma mstari wa nne, Domina, wewe una macho. "Mpangaji Évode Bigirindavyi anaendesha mafunzo ya ufundi kwa watoto." Jina langu na neno mafunzo, mstari mmoja, muhuri chini. Katika nchi hii nzima ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba mimi ni mwalimu. Nilidhani mtacheka. Jumamosi ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, ya pili kwa kiburi, kisha ukimya ukaota mizizi nikashindwa kuung'oa. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi mimi nimelima miaka miwili, nimechoka. Nisameheni.

Urithi ni mfupi. Nyumba hii ni ya kampuni, siwezi kuwapa. Kiwanja cha Gitega mwachieni shangazi yenu Médiatrice anayekilima, na msimpigie simu kumkumbusha kwamba ni chenu. Sanduku la vifaa ni la Natacha na Ariane kwa pamoja, wala kapi zisitenganishwe: kapi moja ndoanoni hugeuza tu upande wa kuvutia, ila ikipata mwenzake wa kupanda na mzigo, ndipo uzito hupungua.

Jumamosi ya kwanza baada ya kunizika, watoto waletwe kwa Domina. Wasivalishwe nguo nyeusi, zitajaa unga. Domina aweke meza, Vénant afunge kamba, maana mafundo ya Domina nayajua. Mtoto akisema haiwezekani, msimwinulie mzigo. Msogezeeni egemeo, kisha nyamazeni, hata kama kunyamaza kutawauma. Na Bi Gunvor aombwe radhi. Apelekewe viazi. Kupitia mlangoni.

Niinueni kidogo... basi, hapo.

Mungu awape mikono isiyokosa kazi, na kazi isiyokosa wa kuiona. Watoto wenu wawapite kwa akili, wala wasiwacheke... wawacheke kidogo. Mzeeke pamoja. Mkipotea... mtafutane. Nimewabariki, wewe kwanza, na wewe kwanza...

Sauti inakwisha. Dirisha liacheni wazi, nasikia watoto uani.

Mnasemaje huko? Semeni kwa nguvu... sikio moja bado lina kazi...

Haya. Nimesikia. Vénant amesema, "Dada, sogea nikae."

Domina amesogea.