Shikeni Shaba Kwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, mafundi, wanafunzi, Baba uliyetuazima mkeo miaka yote hii, watoto wenu, na wewe mwenyewe Mama Baridi, mkuu wa maabara hii, ambaye leo tunakuaga: habari za mchana. Naona mmependeza. Naona pia majoho, na hayo majoho ndiyo yanayonitoa jasho.

Nisameheni kwa kuanza na ombi kabla ya sifa. Tafadhali msipige makofi, msisukumane, na aliye karibu na hili pipa la chuma asiliegemee, hata kama miguu imemchoka. Mheshimiwa, najua ratiba inasema wewe ndiwe utakayehamisha waya unaotoka ndani ya pipa hili, kutoka kipimo cha zamani kwenda kipimo kipya ulichotuletea. Najua wapiga picha wanasubiri. Lakini naogopa. Nasema mbele za watu bila kuona haya: naogopa.

Ndani ya pipa hili, kwenye baridi ambayo friza ya bucha ni jiko mbele yake, kuna kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Juu yake tumechonga njia ya umeme inayogawanyika kisha kuungana tena, kama korido mbili za jengo moja zinazotokea kwenye ua uleule. Kila korido ina kichumba tunachokiita nukta, kidogo kiasi kwamba elektroni huingia moja moja. Je, elektroni ikifika njia panda, inapita wapi? Mama alituuliza hivyo siku yetu ya kwanza, nasi tukajibu kwa kujiamini, huyu kulia, yule kushoto. Akacheka mpaka akavua miwani. Inapita kote kuwili, akasema, kama wimbi, halafu inakutana na nafsi yake upande wa pili. Mara mawimbi huongezana, umeme ukapita kwa wingi; mara hufutana, na korido zote mbili zikiwa wazi, hakuna anayetokea uani. Na ukiweka mtu achungulie imepita wapi, mchezo wote umekwisha.

Tunapoongeza nguvu ya sumaku polepole, mstari kwenye skrini ile hupanda na kushuka, hupanda na kushuka. Hiyo ndiyo kazi ya maisha ya Mama. Lakini kipimo cha zamani kimechakaa, kina mtetemo wake, na wapo wenzetu wanaonong'ona kwamba mawimbi haya ni kikohozi cha mashine tu. Kipimo kipya ndicho kitakachosema. Na kipande tulicho nacho ni hiki kimoja. Wenzake wote walikufa mikononi mwetu.

Walikufaje? Muulizeni Joho, fundi wetu, yule anayejificha nyuma ya nguzo. Mnadhani jina hilo alipewa na bibi yake? Siku ya mahafali yake alikuja mbio kutoka ukumbini kumwonyesha Mama cheti, yumo ndani ya joho la nailoni, na kwa furaha yake akashika waya. Tukasikia "ta", cheche ndogo kama ya mtu anayevua sweta. Kipande kikafa, na kazi yote ikarudi mwanzo. Mama alivuta stuli akakaa, kisha akasema, "Hongera kwa cheti, mwanangu. Sasa livue hilo joho, tuanze upya." Nani kati yetu angeweza? Mimi ningemfukuza pamoja na kofia yake.

Tangu hapo tuna desturi: anayeachia waya na anayeupokea hushika kwanza, kwa pamoja, utepe huu wa shaba uliofungwa ardhini, ili cheche isipate pa kurukia. Hakuna cheo kinachosamehewa. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote, na Mkuu wa Chuo atanikaripia baadaye, waya huu sitakupa. Tutauhamisha sisi wawili, Mama na mimi ninayepokea kiti chake.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mstari ukitoka bapa, hatutajua kama wimbi halikuwepo tangu mwanzo, au tumeliua sisi sasa hivi, mbele yenu. Mama atapanda gari na Baba, ataketi sebuleni kwake na swali hilo, na hakuna atakayeweza kumjibu. Nami nitabaki na pipa, bila wa kuniambia tuanze upya.

Nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Makofi yawekeni mpaka tutoke nje. Joho, rudi nyuma kidogo. Mama, karibu. Joho langu nimevua, shaba nimeshika. Nawe shika. Haya, nachomoa.

Nachomeka.

Mama, tafadhali, usiachie shaba bado.