Beseni la Buluu

Ndani ya basi, fundi cherehani alipakata chupa ya oili ya pikipiki na beseni jipya la buluu, uso umemsawijika kama mfiwa. Mama wa kiti cha pili hakujizuia.

“Baba, pikipiki iko wapi?”

“Nyumbani. Nimemwaga oili mwenyewe, ndipo nikakumbuka sijanunua nyingine.”

“Hongera, fundi! Ile chafu umeikingia nini?”

Fundi akashusha sauti. “Beseni la mke wangu la kukandia unga. Yuko kwa mama yake. Akirudi, atalikuta hili.”

“La kwanza lilikuwa rangi gani?”

“Jekundu. Dukani yamekwisha.”

“Mwambie limepauka,” mama akashauri, kwa huzuni kubwa, mabega yakimtikisika.

Basi likasimama kituoni. Wa kwanza kupanda alikuwa mkewe.

“Baba watoto,” akasema, “leo unakanda wewe?”