Kabati Lisilo na Kelele

Benchi liko kati ya duka la vipuri na ukuta wa zahanati, na wanaolikalia mchana ni walewale. Cheche ni mchomeleaji. Huacha kazi umeme ukipungua nguvu. Mwalimu alistaafu miaka sita iliyopita na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni. Dada Uzi anashona makochi chumba cha pili kutoka hapo, na huja na sindano imechomekwa kwenye kola. Jumatano hiyo, saa nane na robo, Waya, mtunza kompyuta wa zahanati, alitoka getini, akakaa bila salamu, akapokea kikombe kutoka kwa muuza kahawa.

— Imezima? — aliuliza Cheche.

— Imezima. Siku ya nane ya kazi mfululizo. Mafaili yote ya wagonjwa yamo kwenye hiyo seva ya mapokezi, na foleni imefika mlango wa choo. Mganga mkuu kanipa hadi Ijumaa. Ikizima tena, anaita watu wa nje, mimi nahamia stoo kupanga glavu.

— Wewe? — Dada Uzi alishangaa. — Miaka kumi na moja umeilea hiyo mashine!

— Nani anajali, dada? Leo asubuhi nimeitwa mara nne. Ya kwanza, karatasi imekwama kwenye printa. Ya pili, daktari kasahau neno la siri, na kaliandika mwenyewe chini ya kibodi. Ya tatu na ya nne, daktari yuleyule, kibodi ileile. Hakuna anayenipigia kuniambia leo vitu vinafanya kazi.

— Nimesema tangu juzi, ni umeme — alisema Cheche. — Ile mashine ya kusaga unga ya hapo jirani ikiwaka, taa zangu zinakonyeza.

— Ningekubali, kaka. Lakini taa za mapokezi hazitikisiki, na seva ina betri yake.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Akifanya hivyo, watu hujua somo linaanza.

— Watengenezaji wana ujanja. Mashine wanaipangia siku ya kufa tangu kiwandani. Ikifika umri wake, basi.

— Mwalimu, hii inakufa saa nane, nikishaikagua nusu saa inawaka kama haikuwa na neno. Kiwanda gani kinapanga hivyo?

— Kiwanda chenye huruma — alisema Cheche.

— Yenyewe inasemaje? — aliuliza Dada Uzi. — Si ulituambia inaandika kila kinachoipata?

— Inaandika joto. Kila siku, joto. Ndiyo maana najua kipima joto chake kimeharibika. Feni nimebadilisha mara mbili. Vumbi napuliza kila Jumamosi. Sasa joto litoke wapi?

Hakuna aliyeona kasoro katika hoja hiyo.

— Basi kuna mkono wa mtu — alisema Dada Uzi. — Yule wa masijala. Tangu ulete kompyuta, mafaili yake ya karatasi yamehamia chini ya ngazi. Anakutazama kama umemvunjia nyumba.

— Yuko likizo, dada. Wiki ya tatu sasa.

— Ndiyo hapo sasa! Mtu wa likizo ana muda wa kutosha.

— Fikirini jua — alisema Mwalimu. — Saa nane liko juu ya bati la mapokezi. Linavuta. Chochote chenye sumaku kinavutwa.

— Mbona redio yako haivutwi?

— Redio yangu ni ya zamani. Ina nidhamu.

Cheche alisogea mbele, akashusha sauti.

— Msinicheke. Waliojenga zahanati walisema pale mapokezi chini kuna kisima kilichofukiwa. Mashine inasikia maji, inaingiwa na woga.

Mwalimu, aliyefundisha sayansi kwa miaka thelathini, alifikiri kidogo, akasema inawezekana.

Bibi mmoja alikuwa ametoka getini na cheti cha kliniki mkononi. Alikuwa kwenye foleni tangu saa tano, na karani alikuwa amemwambia asubiri mashine. Walimwamkia, wakasogea, muuza kahawa akampa kikombe.

— Marahaba, wanangu. Mashine yenyewe ndiyo ile iliyokuwa ikinguruma pale mapokezi? Mbona siku hizi siisikii?

Kwa mara ya kwanza tangu akae, Waya alitabasamu.

— Hiyo sasa, bibi, ni kazi yetu. Manesi walikuwa wanaita majina, wagonjwa hawasikii. Nikaitengenezea kabati kwenye banda langu la nyuma ya nyumba. Wikendi mbili.

— Fremu na mabati ni mimi — alisema Cheche. — Nimechomelea kila kona. Hapapiti hata wembe.

— Godoro la ndani nimelitoa mimi — alisema Mwalimu. — Nene, la mwanangu aliyeoa.

— Nikalikata, nikalibandika pande zote hadi mlangoni — alisema Dada Uzi. — Ukifunga, husikii hata pumzi.

— Mna mikono, wanangu. — Bibi alipuliza kahawa yake. — Na mliliweka lini?

— Jumapili ile ya mvua — walijibu watatu kwa pamoja.

— Na kuzima kulianza lini?

Waya alitoa daftari dogo kwenye mfuko wa shati. Humo huandika tarehe na saa ya kila kuzima. Alifungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akaurudia. Cheche alitazama mikono yake. Mwalimu alichomoa kalamu, akairudisha. Dada Uzi aligusa sindano kwenye kola, kama anayehakikisha bado ipo.

Bibi alikunywa kahawa, akingoja tarehe.

Waya alifunga daftari, akasimama.

— Cheche, una bisibisi?

Cheche aliitoa, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

— Anza na godoro.

— Godoro lina kosa gani? — aliuliza Mwalimu. — Atoe mlango.

— Mlango umekaa vizuri tu — alisema Dada Uzi. — Aliyeziba kila kona ni nani?

Waya alikuwa ameshafika getini. Bibi alimaliza kahawa yake, akainuka, akamfuata, asije akapoteza nafasi yake kwenye foleni.