Kumuaga Mzee Brashi, na Rangi ya Gari la Bi Mkunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo cha Ufundi. Bi Mkunga, mwenye gari lililofunikwa turubai hapo nyuma yangu. Bosi wetu, mwenye gereji hii. Mafundi wa injini, wa bodi na wa umeme. Majirani mliofunga maduka yenu ili mje kuwa nasi. Mama yangu mzazi, uliyekaa karibu na mlango ili nikikimbia unidake. Na wewe Mzee Brashi, fundi rangi wetu, tunayekuaga leo baada ya miaka arobaini na mitatu ya kazi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Bosi aliponiambia jana kwamba mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya mafundi, nilidhani ananitania. Mnanijua. Fundi injini aliniita Redio tangu wiki yangu ya kwanza hapa, na mtu akimuuliza kwa nini, humjibu, "Redio isiyo na betri." Lakini Mzee Brashi alishikilia kwamba nisiposema mimi, hataki hotuba yoyote. Asubuhi ya leo nilimwendea nikamuuliza niseme yapi na niache yapi. Akanijibu, "Waambie yote, mjukuu wangu. Ukipunguza chumvi, nitasimama nikuongezee." Kwa hiyo haya nitakayosema ameyaruhusu mwenyewe.

Ndugu wageni waalikwa, gari la Bi Mkunga lilikaa bandani miaka thelathini na moja. Lilipoletwa hapa likivutwa kwa kamba, mimi nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nimalize shule, na mama alikuwa amenituma nije kusaidia kupiga msasa badala ya kukaa ndani nikihesabu mbao za dari. Tulifungua mlango wa nyuma tukakuta kiota cha kuku juu ya kiti, na ndani yake yai moja. Fundi bodi akasema, "Bi Mkunga, kumbe hata gari lako linazaa!" Bi Mkunga akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaweka mkono juu ya boneti.

Alitaka jambo moja tu. Alisema, "Nirudishieni lilivyokuwa siku nilipolichukua dukani. Msiniongezee kitu, msinipunguzie kitu." Ni wangapi kati yetu tuliokaa hapa tuliopokewa duniani na mikono ya mama huyu, aliyefika kwetu kwa gari hili? Nani angethubutu kumwambia haiwezekani?

Fundi injini alifanya yake, fundi bodi akakata sakafu yote iliyooza na kuunga mpya. Ikabaki rangi. Gari lilikuwa limepakwa nyekundu, na juu ya nyekundu nyeupe, na juu ya nyeupe kutu. Tukamuuliza mwenyewe, lilikuwa na rangi gani mwanzo? Alifumba macho. "Lilikuwa la bluu," akasema. "Hapana, kijani. Lilikuwa kama asubuhi, kabla hujaamua kuamka."

Rangi kama hiyo unaiagiza kwa jina gani dukani?

Mzee Brashi hakuhangaika. Aliingia ndani ya gari akafungua skrubu za kasha la dashibodi, akalitoa, akaniita nichungulie. Nyuma yake, mahali ambapo jua halikuwahi kufika wala brashi ya mtu, kulikuwa na kipande cha rangi ya kwanza, kikubwa kama kiganja. Vumbi la msasa lilikuwa likielea kwenye mwanga unaoshuka kutoka kwenye bati la plastiki la paani, taratibu, kama halina pa kwenda, na kile kipande kilikuwa kimetulia katikati ya vumbi lile kama maji ndani ya kisima. Sikuweza kusema ni bluu wala ni kijani. Nilijua tu kwamba nikikiona popote pengine, nitakitambua.

Mzee Brashi akachanganya rangi, akapuliza madigadi ya kushoto. Haikuwa yenyewe.

Mimi ni mtoto wa mshonaji. Tangu nikiwa na miaka sita mama amekuwa akinituma dukani na kipande cha kitambaa nikalete uzi wa kufanana nacho, na amenifunza kwamba uzi hauchaguliwi ndani ya duka, unatoka nao mlangoni kwenye jua. Kwa hiyo niliona tangu siku ile ya kwanza. Bluu ilikuwa imezidi. Nikanyamaza. Kesho yake akapuliza mlango, nikanyamaza. Keshokutwa yake mlango wa pili. Kila alipomaliza aliniuliza, "Vipi, Redio?" na mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ningewezaje, mimi wa miezi michache, kumkosoa mtu wa miaka arobaini na mitatu? Niliamini kwamba kunyamaza kwangu ni heshima.

Siku ya tatu nikagundua kwamba siko peke yangu. Mafundi wawili walipita nyuma ya gari, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwa bluu hii ya bahari, Mzee anatutengenezea samaki." Wakacheka, wakapita. Yaani gereji nzima ilikuwa imeona. Kila mtu alimsalimu Mzee Brashi, kila mtu alimpisha njia, na hakuna aliyemwambia. Nawauliza ndugu zangu, na ninajiuliza mwenyewe kwanza: ile ilikuwa heshima, au tulikuwa tumemwacha peke yake?

Siku ya nne, saa sita mchana, tulisukuma gari hadi mlangoni. Nikachukua lile kasha, ambalo lilikuwa na alama ya rangi ya kwanza kwenye ukingo wake, nikalisimamisha kando ya madigadi kwenye jua. Nikasema, "Babu, si yenyewe."

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe umejua rangi tangu lini?"

"Tangu mama anitume uzi."

Alitupa kitambaa chini akatoka. Nilijua nimefukuzwa kazi ambayo hata sikuwa nimeajiriwa. Aliporudi, aliketi juu ya kopo la rangi, akaniambia nami niketi. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi naona ukungu. Mwaka wa pili sasa. Kila kitu kina umanjano, kama ninakitazama kupitia glasi ya chai." Daktari alikuwa amemwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kuondolewa. Alikuwa hajamwambia mtu. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema, "Kisu sikiogopi. Naogopa nifunguliwe macho, halafu niyaone barabarani magari yote niliyoyapaka ndani ya miaka hii miwili."

Tulikwangua madigadi na milango yote miwili mpaka kwenye chuma. Ilituchukua wiki nzima, na Bosi, nakushukuru, hukuuliza kwa nini. Kisha tukaanza upya. Mzee Brashi alichanganya, akapaka tone kwenye kipande cha bati, mimi nikatoka nacho juani. Hakuniuliza kama inafanana. Aliuliza, "Inasemaje?"

"Imezidi ubaridi."

"Ubaridi wa maji au wa bati?"

"Wa bati."

"Aa, basi imepungukiwa na njano. Leta."

Siku nyingine nilimwambia imechoka, akajua niliyomaanisha. Nilimwambia inaelekea kulia machozi, akacheka, akaongeza nyeupe kidogo, ikaacha. Uzito wa rangi aliujua kwa namna inavyodondoka kutoka kwenye kijiti. Wingi wa thina aliujua kwa kunusa. Na bomba la kupulizia alilisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto akipumua usingizini. Mimi nilikuwa na macho tu. Mwezi ule nilisema maneno mengi kuliko miaka yangu yote darasani, na walimu wangu waliopo hapa ni mashahidi. Vikopo kumi na vinane tulivikataa. Cha kumi na tisa nilitoka nacho mlangoni, nikasimama, nikasimama, jua likiwa juu yangu. Nikarudi nikamwambia, "Babu, sina la kusema."

Akajibu, "Basi imefika."

Alilipuliza gari zima kwa mkono wake mwenyewe, bila kusimama, akilizunguka polepole ndani ya ukungu mwembamba wa rangi, na kwa muda ule sikuweza kuona mtu anaishia wapi na gari linaanzia wapi.

Mzee Brashi, naomba radhi kwa zile siku tatu. Nakuomba mbele ya watu, kwa sababu nilikunyamazia mbele ya watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jumatatu Mzee Brashi anakwenda hospitali kutolewa huyo mtoto wa jicho. Amekubali. Nami sasa ndiye mwenye hofu, maana rangi iliyo chini ya turubai hili yeye hajaiona bado. Ameisikia tu kutoka kwangu. Bi Mkunga, gari ni lako, na leo unaondoka nalo. Nakuomba jambo moja. Siku atakapofunguliwa bandeji, njoo na gari hili umchukue pale mlangoni, mchana, jua likiwa limewaka. Mimi nitakuwa nimesimama kando yake. Akinyamaza, nitajua nilimwambia kweli. Akisema si yenyewe, nitachukua msasa nianze kukwangua, na safari hii atachagua kwa macho yake.

Hayo ndiyo niliyotumwa na mafundi wenzangu, na mengine ni yangu. Kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho, asanteni sana.